Mbwa wangu anabweka usiku kucha, jirani kanishtaki mtaa. Kuna aliyewahi kumfanyia mbwa upasuaji wa kutoa sauti?

KijanaWaGoba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mbwa dume, miaka mitatu, mama yake jamani shepadi, baba yake koko wa mtaani. Anaitwa Jimi. Kazi anaijua: tangu nimlete hakuna aliyeruka ukuta wangu, na nyumba kadhaa za mtaa huu zimeshavunjwa. Shida ni kwamba hatofautishi mwizi na paka. Ikifika saa tano usiku anaanza, anapumzika kidogo, anaendelea mpaka alfajiri. Chochote kinachopita barabarani lazima akitolee taarifa.

Ukuta mmoja na mimi anakaa mwalimu mstaafu, ana presha, mtu mwema sana. Alianza kwa kunidokeza kwa upole, baadaye akamtuma mkewe kwa mke wangu, mwisho uvumilivu ukamwishia akaenda kwa mjumbe. Wiki iliyopita tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti kasema mpaka mwisho wa mwezi niwe nimepata ufumbuzi, la sivyo mbwa aondoke. Nimemfokea, nimemtandika kandambili, nimemfungia bandani. Ndio kwanza anaongeza sauti.

Sasa kuna jamaa anajiita daktari wa mifugo kaniambia kuna upasuaji wa kukata nyuzi za sauti. Mbwa anabaki mzima, anabweka ila mlio hautoki. Anataka laki tatu na nusu, anakuja nyumbani na begi lake, nusu saa kamaliza. Mke wangu hataki hata kusikia. Mimi niko katikati, huku mwalimu, huku wezi.

Aliyewahi kufanya au mwenye uelewa anipe mwongozo. Matusi wekeni akiba.

---

Mzee wa Kona

Ngoja nikae siti ya mbele, wataalamu wako njiani.

---

chapati_maji

Mkuu unahangaika na kitu kidogo. Saa moja jioni mshindilie ugali na dagaa, kwenye mchuzi dondoshea vidonge viwili vya mafua, vile vya kulevya. Au kifuniko kimoja cha pombe kali. Analala fofofo mpaka asubuhi.

---

Bibi Mfuga Kuku

@chapati_maji na mwizi akija analala naye?

---

NesiWaZamu

Mimi nitakuwa upande wa mwalimu, mnisamehe.

Nafanya kazi wodini, zamu za usiku. Narudi nyumbani saa mbili asubuhi, nalala mchana. Jirani yangu ana mbwa wawili anawafungia kwenye banda linalogusa ukuta wa chumba changu. Wanabweka kutwa. Nimeweka pamba masikioni, nimehamishia godoro sebuleni, nimenunua feni ya kelele ili inizibie. Nikimwambia mwenye mbwa ananijibu "dada, mbwa kazi yake kubweka." Sawa, na mimi kazi yangu ni kuhesabu dawa za wagonjwa bila kukosea.

Hasira yangu ni kwamba mwenye mbwa ndiye wa mwisho kusikia. Ameshazoea. Wewe Goba angalau umekuja kuuliza, wengi hawaulizi. Mwalimu kavumilia hadi kamtuma mke, huyo si mkorofi. Kama upasuaji unaleta usingizi, binafsi sioni dhambi yake.

---

DaktariWaKwato

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea SUA pale Morogoro, kwa sasa nahangaika zaidi na mbwa na paka kuliko ng'ombe. Nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza @chapati_maji: pombe kwa mbwa ni sumu, hata kiasi kidogo. Ini lake haliiwezi kama lako. Na vidonge vya binadamu vina vipimo vya binadamu. Nimepokea mbwa aliyenyweshwa dawa za mafua zenye mchanganyiko, moyo unaenda mbio, misuli inatetemeka. Hakupona. Tusipeane ushauri wa hivyo.

Turudi kwa Goba. Upasuaji upo, wala si uchawi. Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kuna mikunjo miwili ya nyama, ndiyo nyuzi za sauti. Daktari anaweza kuifikia kwa kupitia mdomoni, au kwa kupasua koo kwa chini. Ya mdomoni ni ya haraka, ila mara nyingi nyama huota tena na sauti ikarudi kwa namna fulani. Ya kupasua koo hukata kwa ukamilifu zaidi, na kidonda chake ni kikubwa zaidi.

Sasa sikiliza ambacho huyo wa begi hajakuambia.

Sauti haiishi. Mbwa anaendelea kubweka vilevile, kinachotoka ni mkwaruzo. Mbwa wengine mkwaruzo huo unasikika mpaka nyumba ya pili.

Nyuzi zile hazipo kwa ajili ya sauti tu. Mbwa akimeza zinajifunga ili maji na chakula visiingie njia ya hewa. Ukizikata, baadhi ya mbwa wanapaliwa wakinywa maji, na kinachoingia mapafuni kinaweza kuleta nimonia.

La tatu ndilo linalonitisha zaidi kwa mji kama Dar. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu linaweza kutanda kama utando mlangoni mwa njia ya hewa na kuubana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, jasho lake ni la nyayoni tu na halitoshi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mbana njia ya hewa halafu umweke kwenye joto la Januari, siku atakayokimbia kidogo unaweza kumpoteza.

Na hayo yote ni kama upasuaji umefanyika hospitalini. Huyo wa nyumbani muulize maswali mawili tu: nusu kaputi anampa ya aina gani, na mpira wa kupumulia wa kuingiza kooni anao? Unakata koo la mnyama aliyelala, damu inatiririkia kwenye njia ya hewa, wewe umepiga magoti kwenye veranda. Akikosa jibu, mwonyeshe geti.

Kabla sijaendelea, nijibu: Jimi mchana anakuwa wapi?

---

KijanaWaGoba

Asante sana daktari. Nilimpigia jamaa nikamuuliza hilo la mpira wa kupumulia. Akasema "huyo ni mbwa, sio mgonjwa wa Muhimbili." Nimeachana naye.

Mchana Jimi yuko bandani. Anafungwa saa kumi na mbili asubuhi watoto wakienda shule, anafunguliwa saa nne usiku. Ndivyo nilivyoelekezwa na aliyeniuzia, kwamba mbwa akizoea watu mchana hawi mkali.

---

MsukumaWaMjini

Ndivyo wote tunavyofuga mkuu. Mbwa akiona watu kutwa anakuwa mwanasesere.

---

KakaWaOhio

Nipo Marekani, niwape ya kuona kwa macho kwa sababu naona wengi mnabahatisha.

Nilirithi mbwa kutoka kwa mama mmoja mzee tuliyekuwa tukikaa jengo moja. Ni wale wadogo wenye manyoya mengi wa kuchunga kondoo, asili yao Shetland, maarufu kwa kupenda kubweka. Huyu mama wenye nyumba walishamwandikia barua, akaona achague: mbwa apelekwe kwenye kituo cha wasio na wenyewe, ambako asipopata mtu anaweza kuchomwa sindano ya kufa, au afanyiwe upasuaji. Akafanya.

Nilipomchukua alikuwa tayari hivyo. Anabweka kutwa nzima, mwili wote unaruka, kinachotoka ni "khah, khah, khah". Ukuta wa pili hawasikii. Mgeni akija mara ya kwanza anadhani mbwa anakabwa na mfupa. Maji nilikuwa namwekea kidogokidogo kwa sababu akinywa kwa pupa anakohoa mpaka macho yanatoka. Ila aliishi, alizeeka, na mama yule hakufukuzwa. Sitamhukumu.

Huku majimbo yanatofautiana. Massachusetts walipiga marufuku mwaka 2010, labda iwe kwa sababu ya ugonjwa. Majimbo mengine mengi ni wewe na daktari wako, na madaktari wengi wanakataa. Chama chao cha kitaifa nacho hakiungi mkono jambo hili, kinataka ushughulikie kinachomfanya abweke.

---

Mtoro_wa_Baridi

Huku Uingereza usijaribu kabisa, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006. Na Baraza la Ulaya lina mkataba wa mwaka 1987 unaokataza kumkata mbwa mkia, masikio, kucha au sauti kwa urembo au urahisi wa mwenyewe.

Lakini msidhani jirani kaachwa alie. Mbwa akisumbua mtaa, halmashauri inakuletea amri ya kukomesha kero, sheria ya mazingira ya 1990. Ukikaidi mnaonana mahakamani na faini juu. Jirani anaambiwa aandike daftari: siku gani, saa ngapi, kelele za muda gani. Mimi nimeandikiwa daftari hilo, ndiyo maana najua.

---

NesiWaZamu

@Mtoro_wa_Baridi daftari! Leo naanza la kwangu.

---

Shiko wa Rongai

Salamu kutoka Kenya. Kabla mtu hajasema "tumia ule mkanda wa umeme", wacha niwaambie ya binamu yangu.

Aliununua mtandaoni, unamvalisha mbwa shingoni, akibweka unampiga shoti. Siku za kwanza kimya kabisa, binamu akafurahi, akatuma hadi video kwa familia. Kumbe kila mara mbwa akipigwa shoti, anayepita getini ni mtoto wa jirani akitoka shule. Mbwa hakuelewa kwamba anaadhibiwa kwa kubweka. Alichoelewa ni kwamba huyo mtoto akija, shingo inauma. Akaacha kubweka kweli. Siku geti limeachwa wazi alitoka bila hata kuunguruma akamshika mtoto mguu. Sindano za kichaa cha mbwa, kwa chifu, kulipa hospitali. Mbwa alipigwa risasi.

Mbwa anayebweka anakuonya. Mimi namwogopa aliyenyamazishwa.

---

DaktariWaKwato

@Shiko wa Rongai umeniokolea aya nzima.

@KijanaWaGoba, hilo la kumfungia kutwa ndilo chanzo kikubwa, tulizungumze. Mbwa wako amelala saa kumi na sita. Saa nne usiku unamfungulia akiwa na nguvu za siku nzima, hajatembea, hajaona kitu, hajanusa kitu. Ulitegemea afanye nini, asome? Na ukali unaoutafuta hautokani na kufungwa. Kufungwa kunaleta woga na papara. Mbwa asiyewahi kuona bodaboda kwa utulivu mchana, usiku kila bodaboda kwake ni uvamizi.

Halafu elewa jambo hili, maana ndipo wengi wanapopotea. Mtu anapita barabarani. Mbwa anabweka. Mtu anaendelea na safari yake. Wewe unajua angeondoka tu. Mbwa anajua kwamba *yeye* kamfukuza. Kila usiku anashinda vita mara arobaini. Kwa nini aache? Na wewe ukitoka na kandambili unapiga kelele, kwa upande wake bosi ametoka kuongeza nguvu.

Naomba ufanye kitu kimoja kabla ya lolote. Chukua simu ya zamani, washa kinasa sauti, iweke dirishani karibu na geti usiku kucha. Fanya hivyo siku mbili tatu. Usikilize, uandike saa na kilichotokea kabla ya kubweka. Kisha angalia geti lako: akiwa pale anaona nje?

---

Papa Ituri

Huku kwetu Kongo, msitu wa Ituri, wawindaji wako na mbwa mdogo mwekundu, mkia umejikunja, habweki kabisa. Wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wajue amepita wapi. Wazungu wamemchukua kwao, wanamwita basenji. Goba, uza huyo, chukua wetu.

---

DaktariWaKwato

@Papa Ituri ni kweli, zoloto la basenji limeumbika tofauti kidogo. Ila si bubu. Akichangamka anatoa mlio wa kupanda na kushuka, mwalimu akiusikia saa nane usiku ataita shehe na padri kwa pamoja.

---

MsukumaWaMjini

Daktari nakuheshimu, ila hizi habari za kumwelewa mbwa ni za wazungu. Mbwa ni mbwa. Kama sauti ni kero, toa sauti, meno yamebaki. Mwizi akiingia atang'atwa kimyakimya, tena vizuri zaidi.

---

DaktariWaKwato

Tuweke wazungu pembeni, tuongee ya Goba na Mbagala.

Mwizi wa mtaani kwetu hapambani na mbwa. Anatafuta nyumba ambayo mwenyewe hataamka. Kubweka kunakuamsha wewe, kunamwamsha mlinzi wa nyumba ya pili, na huyohuyo mwalimu. Ukimtoa mbwa sauti umeng'oa king'ora ukabaki na waya. Mwizi anamrushia nyama yenye sumu, mbwa anakufa palepale bila mtu kujua. Mnajua wenyewe hilo linatokea.

La pili ni kichaa cha mbwa. Moja ya dalili zake ni sauti kubadilika. Misuli ya koo inapooza, mbwa anabweka kwa mkwaruzo, anashindwa kumeza, mate yanamtoka. Sasa chukua mbwa mwenye mkwaruzo wa kudumu, anayekohoa akinywa maji, aponyoke getini siku moja. Nani mtaani atauliza kama alifanyiwa upasuaji? Watamuua kwa mawe, na kwa dalili wanazoziona siwezi kuwalaumu. Wewe mwenyewe siku akiugua kweli, utajuaje?

Kuhusu sheria, maana niliulizwa pembeni: tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Na ipo Sheria ya Veterinari ya 2003, kazi ya kupasua mnyama ni ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mtu akija na begi, omba namba yake ya usajili kabla hujamwonyesha mbwa.

Mimi mwenyewe sifanyi upasuaji huu ili kumnyamazisha mbwa. Koo nimepasua, ila kwa uvimbe, na kwa zoloto lililopooza hadi mbwa hapati hewa.

---

Mama Wawili

Vipi kumhasi? Wa kwangu baada ya kuhasiwa katulia sana.

---

DaktariWaKwato

@Mama Wawili inasaidia kwa dume anayelia kwa sababu kuna jike yuko kwenye joto mtaani, na anayetoroka kutafuta. Kwa mbwa anayebwekea wapita njia usitegemee makubwa. Ila wa kuhasiwa nampokea siku yoyote, watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye viroba wametosha.

---

KijanaWaGoba

Wakuu nimerudi na majibu ya kinasa sauti. Sikuwahi kujua mtaa wangu una shughuli nyingi namna hii.

Saa tano kasoro bodaboda wa kijiweni wanarudi makwao, kila mmoja anapiga gia mbele ya geti langu maana pana kilima. Saa saba mlinzi wa nyumba ya pili anagonga nguzo ya umeme kwa rungu kuonyesha hajalala, Jimi anamjibu, mbwa wa barabara ya juu naye anamjibu Jimi, hapo ni kikao kizima. Saa tisa ni paka, nimemwona kwa macho, anatembea juu ya ukuta taratibu kama anafanya makusudi. Kuanzia saa kumi ni watu wanaowahi daladala, hao hawaishi mpaka kunakucha.

Kuhusu geti: chini pana uwazi wa kama kiganja. Nimeinama kuangalia, rangi ya geti pale imeliwa yote, imebaki alama nyeusi ya pua na matope, na zege limelainika kwa kucha. Kumbe anakesha amelala pale anaangalia miguu ya watu.

Na kuna sauti nyingine sikuielewa. Akinyamaza kubweka, kwenye simu nasikia "papapapapa", kimya, halafu tena "papapapapa". Mara nyingi usiku mzima. Mke wangu kasema ni masikio, anatikisa kichwa.

---

DaktariWaKwato

Mke wako ana sikio zuri. Sasa la Jimi: likunjue, tazama ndani, nusa. Kuna uchafu wa kahawia? Harufu kama ya chachu?

---

KijanaWaGoba

Ndio. Zote mbili, la kushoto zaidi. Nilipomgusa alilia.

---

DaktariWaKwato

Basi una mbwa mwenye maumivu asiyelala. Mpeleke kliniki, waangalie kwa kifaa kama ngoma ya sikio iko salama, wasafishe, wachukue uchafu wakapime ni fangasi, bakteria au utitiri. Usimmwagie mafuta ya kula, usimmwagie oili chafu, nakuomba. Nimeona watu wanaitumia kwa kila kitu kuanzia upele hadi laana.

Wakati masikio yanatibiwa, fanya haya.

Geti: mwite fundi wa kuchomelea aweke bati pale chini, na juu kama kuna nondo za wazi azizibe hadi kimo cha mbwa akisimama. Asichokiona hakimpandishi sana.

Banda: litoe getini, lipeleke nyuma upande wa jikoni, mbali na ukuta wa mwalimu. Usiku alinde uani. Anayekuja kuiba ataruka ukuta, atasikika tu. Anayepita barabarani si kazi ya Jimi.

Mchana afunguliwe uani. Asubuhi kabla ya jua na jioni mtembeze kwa kamba, muda wa kutosha achoke, na mwache anuse anavyotaka. Kunusa kunamchosha kichwa kuliko kukimbia. Chakula kikubwa kiwe saa nne usiku badala ya saa kumi jioni, na umpe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe wa kuguguna, usiopikwa. Mfupa uliopikwa unavunjika vipande na kutoboa utumbo.

Halafu neno moja, mnachagua nyumbani, mfano "tosha". Akibweka mara mbili tatu mwache, kaonya. Nenda karibu, sema "tosha" kwa sauti ya kawaida, weka kipande cha bandama mbele ya pua. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Akinyamaza mpe. Kesho msubirishe kidogo zaidi kabla ya kumpa. Anza mchana, mwombe dada wa kazi apite nje mara kwa mara. Usianze saa tisa usiku ukiwa na hasira.

Onyo: siku za kwanza atazidisha. Njia aliyoizoea imeacha kumlipa, ataijaribu kwa nguvu zaidi. Ukikata tamaa hapo ukatoka kumfokea, umemfundisha kwamba akizidisha unatoka. Mwambie mwalimu mapema.

---

NesiWaZamu

Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko bati. Jirani yangu angekuja siku moja tu akaniambia "nesi, nafanya moja, mbili, tatu, nivumilie", ningelala hata kwa zile kelele. Kinachoninyima usingizi nusu ni mbwa, nusu ni dharau.

---

Mzee wa Kona

Nesi kaua.

---

KijanaWaGoba

Taarifa kwa waliokuwa wanafuatilia.

Sikio la kushoto lilikuwa na fangasi na bakteria kwa pamoja. Amepewa dawa ya matone, siku za mwanzo tulimshika watu wawili, sasa anakaa mwenyewe. Ile "papapapa" imekwisha.

Bati limewekwa, banda liko nyuma. Kutembea naye mwanzoni ilikuwa aibu, alikuwa ananivuta mpaka vijana wa kijiweni wanauliza nani anamtembeza mwenzake. Ila hao hao bodaboda wamemzoea, mmoja anamwita kwa jina, na usiku akipanda kile kilima Jimi anainua kichwa tu. Sikutegemea.

Kwa mwalimu nilienda na mke wangu, nikamchezea ile sauti ya simu. Akasikiliza yote akiwa ameshika redio yake. Akaniambia saa tisa si paka tu, kuna mtu huwa anapita na baiskeli ya mikate, yeye anamjua, mtoto wa mwanafunzi wake. Akanipa na orodha yake, kumbe na yeye alikuwa anaandika saa. Kidogo zifanane na zangu.

Ile wiki ya kwanza kweli alizidisha. Bila ule mkataba na mwalimu ningefukuzwa mtaa. Sasa hivi ukweli ni huu: saa tano hadi saa tisa kimya, labda mara moja moja. Mlinzi wa rungu bado wanajibizana, nimemwomba agonge nguzo ya mbele, anasahau. Alfajiri bado ni shida, watu wa daladala wakiwa wengi anapandisha, "tosha" inafanya kazi nikiwepo, nisipokuwepo ni bahati nasibu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe mwisho wa mwezi, akaongea na mwalimu, akaandika kwenye kitabu chake kwamba shauri limemalizwa kwa makubaliano. Chanjo ya kichaa kaniuliza cheti, ninacho.

---

MsukumaWaMjini

Je, ukali? Amekuwa mwanasesere?

---

KijanaWaGoba

Juzi fundi maji kaingia mlango wa nyuma bila kubisha hodi. Alipanda juu ya tenki mpaka nilipofika. Sijui unataka ukali wa aina gani.

---

DaktariWaKwato

Safi. Alfajiri jaribu kumwingiza stoo au jikoni kuanzia saa kumi, kwa saa mbili tu, na sehemu ya kifungua kinywa chake. Zamu ya wezi imeshaisha muda huo. Masikio rudi yakaguliwe hata kama anaonekana mzima, fangasi wa masikio hurudi, hasa ukimwogesha na maji yakabaki ndani.

---

Bin Kombo

Nimesoma uzi wote toka mwanzo, ahsanteni. Mimi niko Tanga, nina mbwa wa ulinzi shambani karibu na mji. Habweki ovyo, shida yake nyingine: adhana ya alfajiri ikianza tu anainua pua juu naye anavuta "uuuuu" mpaka muadhini amalize. Wazee wa msikitini wameanza kuniangalia vibaya. Ni maumivu ya masikio au ni nini?

---

DaktariWaKwato

@Bin Kombo mara nyingi si maumivu. Sauti ndefu ya kuvuta inafanana na mbwa mwenzake anayelia mbali, naye anaitikia. Ving'ora vya magari ya wagonjwa navyo wanaviitikia hivyohivyo. Akimaliza anaendelea na mambo yake kwa raha? Kama ndiyo, dakika tano kabla ya adhana mwingize ndani, mpe kitu cha kuguguna. Mdomo ukiwa na kazi wengi husahau kuitikia.

---

Bin Kombo

Kipaza sauti kiko mita hamsini kutoka kwangu daktari, kuingia ndani hakusaidii kitu. Na saa hiyo na mimi ndiyo nakwenda kuswali, nani atampa mfupa?

---

KijanaWaGoba

@Bin Kombo ya adhana fungua uzi wake mkuu, weka na picha. Daktari tutamvuta aje.